WANGA WA HARAKA NA WANGA WA POLEPOLE: SAHANI YA ASKARI NA SUKARI YA DAMU

Askari anayekwenda lindoni hukaguliwa silaha yake, sare yake na viatu vyake. Sahani aliyoila kabla ya kutoka haikaguliwi na mtu. Hata hivyo, sote tunajua ya kuwa mlinzi aliyelemewa na usingizi muda mfupi baada ya kula, au aliyeanza kusikia njaa kabla zamu yake haijafika nusu, amekwisha kupungukiwa na kitu ambacho bunduki haiwezi kumrudishia. Tena tunajua ya kuwa wapo miongoni mwetu, jeshini na polisi, ambao sukari imepanda katika damu yao kwa miaka mingi bila ya wao kujua.

Makala haya yanakusudia kueleza jambo moja tu: si kiasi cha wanga peke yake kinachoamua sukari ya damu baada ya mlo, bali pia mwendo ambao wanga huo huyeyushwa nao tumboni. Tutaeleza mwendo huo unatokana na nini, kisha tutatazama sahani ya Bujumbura, yenye ugali wa muhogo, wali wa Imbo, ndizi, viazi vitamu na maharagwe, tuone kilichomo ndani yake cha kutulinda na cha kutuponza.

SAFARI YA TONGE

Wanga ni akiba ya mmea. Muhogo huiweka akiba yake mizizini, mhindi huiweka katika punje, na mgomba huiweka katika tunda. Ukitazamwa kwa darubini, wanga huonekana kuwa chembe ndogo zilizoshindiliwa barabara, na kila chembe imejengwa kwa minyororo ya glukosi, ambayo ndiyo sukari inayozunguka katika damu yetu. Minyororo hiyo ni ya namna 2. Ya kwanza huitwa amilosi: imenyooka na hulala ikibanana. Ya pili huitwa amilopektini: ina matawi mengi mfano wa mwembe. Vimeng'enya vya mwili, ambavyo ndivyo vikata minyororo hiyo, hupata ncha nyingi za kushika katika amilopektini, na kwa hiyo huivunja upesi kuliko amilosi.

Kazi ya kuvunja huanza kinywani kwa mate. Tonge likifika tumboni, asidi huizima sehemu kubwa ya kazi hiyo, nayo huanza tena kwa nguvu katika utumbo mwembamba, ambako kongosho humimina kimeng'enya kiitwacho amilasi. Hapo minyororo hukatwa vipande, vipande hukatwa vikawa glukosi, na glukosi hupenya kuta za utumbo na kuingia katika damu. Kongosho likihisi kuwa sukari imepanda, hutoa insulini, homoni inayoiamuru misuli na ini kuipokea sukari hiyo na kuiweka akiba.

Sasa na tufanye hesabu. Mtu mzima ana damu kiasi cha lita 5. Kabla ya kula, glukosi iliyomo katika damu yote hiyo haizidi gramu 4 au 5, yaani kijiko 1 cha chai. Sahani ya ugali ya kijana aliyetoka kwata yaweza kubeba wanga wa gramu 100 au zaidi. Maana yake ni kwamba mlo mmoja unaleta mlangoni mwa damu sukari mara 20 ya ile iliyokuwamo. Ikiwa mzigo huo utaingia kidogo kidogo kwa muda wa saa 3 au 4, mwili huupokea na kuupanga ghalani bila ya fujo. Ikiwa utaingia kwa kishindo katika saa ya kwanza, sukari hupanda kama mlima na kongosho hulazimika kutoa insulini nyingi kwa haraka. Mzigo ni uleule; kilichotofautiana ni mwendo.

WATAALAMU WALIVYOPIMA

Kwa miaka mingi wanafunzi wa udaktari walifundishwa kwamba sukari ya mezani huingia katika damu upesi, na kwamba wanga, kwa kuwa minyororo yake ni mirefu, huingia taratibu. Dhana hiyo haikuwa imepimwa vya kutosha. Katikati ya miaka ya 1970, Phyllis Crapo na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliwapa watu wanga wa kiasi kilekile kutoka katika vyakula mbalimbali, wakaona kuwa viazi ulaya vilipandisha sukari ya damu kuliko wali. Kumbe wanga na wanga si kitu kimoja.

Mwaka 1981, David Jenkins na wenzake wa Toronto, Kanada, mji uleule ambako insulini iligunduliwa mwaka 1921, walitangaza vipimo vya vyakula 62. Kila chakula kiliwekwa kwa kiasi cha kutoa gramu 50 za wanga au sukari, na upandaji wa sukari ya damu ukalinganishwa na ule wa glukosi safi, ambayo walipa alama 100. Alama hiyo iliitwa kielezo cha glisemia. Katika vipimo hivyo wali mweupe ulipata alama 72, mkate mweupe 69, na maharagwe mekundu 29 tu. Tena mkate wa ngano isiyokobolewa ulipata 72, haukupungua chini ya ule mweupe. Funzo hili ni la kukumbukwa: punje ikisagwa ikawa unga laini, wanga wake huwa wazi kwa vimeng'enya, hata kama pumba zimeachwa humo. Pumba zina manufaa yake mengine, lakini haziwezi peke yake kuzuia mwendo wa unga uliosagwa sana.

Mwaka 1992, Hans Englyst na wenzake wa Cambridge, Uingereza, waliugawa wanga katika mafungu 3 kwa kutumia saa. Wanga unaoyeyuka ndani ya dakika 20 katika chombo cha maabara waliuita wa haraka. Unaoyeyuka kati ya dakika 20 na 120 waliuita wa polepole. Ule unaobaki baada ya hapo waliuita wanga sugu, kwa sababu hupita utumbo mwembamba bila ya kuvunjwa, ukafika utumbo mpana na kuwa chakula cha bakteria wenye faida kwetu.

Msomaji asidhani kuwa elimu hii ni ya ng'ambo tu. Daktari Hugh Trowell, aliyefika Afrika Mashariki mwaka 1929 na kufanya kazi Kenya na Uganda kwa takriban miaka 30, aliona kwa macho yake kuwa ugonjwa wa kisukari ulikuwa adimu miongoni mwa wananchi waliokula mazao yao yakiwa karibu na hali ya shambani. Mwenzake wa Kampala, Denis Burkitt, ambaye alikuwa daktari wa jeshi la Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili, aliungana naye, na mwaka 1975 walitoa kitabu juu ya maradhi yanayofuatana na vyakula vilivyokobolewa. Katika vijiji vya Tanzania, uchunguzi uliotangazwa mwaka 1989 ulikuta wenye kisukari hawafiki hata mtu 1 katika kila watu wazima 100. Tangu hapo mambo yamebadilika. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kuwa watu wazima milioni 24 katika kanda yake ya Afrika wana ugonjwa huo, na kwamba zaidi ya nusu yao hawajapimwa wakajulikana.

KINACHOUPA WANGA MWENDO

Jambo la kwanza ni umbo la chakula. Punje nzima au kunde nzima ni ngome: ukuta wa kila seli huuzuia wanga usifikiwe. Kusaga ni kubomoa ngome hiyo. Ndiyo maana mahindi yaliyochemshwa yakiwa mazima hayaendi mwendo mmoja na uji wa unga laini.

La pili ni maji na moto. Wanga mbichi umeshindiliwa, lakini ukipikwa kwa maji chembe zake huvimba, hupasuka na kuwa uji mzito. Kadiri zinavyopasuka ndivyo zinavyoyeyuka upesi. Namna ya kupika nayo ina neno. Wachunguzi wa Jamaica walitangaza mwaka 2011 vipimo vya aina 10 za viazi vitamu: vilivyochemshwa vilipata alama kati ya 41 na 50, na vilevile vilipochomwa au kuokwa vilipata zaidi ya 75. Kiazi ni kimoja na shamba ni moja. Jiko ndilo lililobadilisha hesabu.

La tatu ni kupoa. Wanga uliopikwa ukaachwa upoe sana hujifunga upya, na sehemu yake hugeuka kuwa wanga sugu. Hapa hatuna budi kutoa onyo. Wali uliolazwa sufuriani katika joto la Bujumbura huzaa vijidudu vya kutapisha na kuharisha, na kuupasha moto asubuhi hakuiondoi sumu iliyokwisha kutolewa. Pasipo na jokofu, faida ya wanga uliopoa isitafutwe kwa njia hiyo.

La nne ni wenzi wa wanga katika sahani. Protini, mafuta na nyuzinyuzi za mboga hupunguza kasi ya tumbo kumimina chakula katika utumbo. Ugali ulioliwa pamoja na ndagala, lengalenga au sombe hauendi mbio kama ugali uliosindikizwa kwa mchuzi mwepesi tu. Hata mpangilio wa kula una maana: uchunguzi uliofanywa New York mwaka 2015 kwa wagonjwa wa kisukari ulionyesha kuwa walipoanza kula mboga na nyama, wakamalizia kwa mkate, sukari yao ilipanda kidogo kuliko walipoanza na mkate, ingawa chakula kilikuwa kilekile.

LINDO, USINGIZI NA NJAA

Askari atauliza: haya yote yanihusu nini mimi niliye kijana na mzima? Yanamhusu kwa njia 3.

Kwanza, usingizi. Mwaka 2007 wachunguzi wa Sydney, Australia, waliwapa vijana wanaume 12 mlo wa wali wa haraka au wa polepole saa 4 kabla ya kulala. Baada ya mlo wa haraka walipata usingizi kwa wastani wa dakika 9; baada ya mlo wa polepole walichukua dakika 17 na nusu. Kwa mtu anayekwenda kitandani hiyo ni habari njema. Kwa mtu anayekwenda lindoni ni habari ya kutafakari.

Pili, njaa. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2021, uliofanywa Uingereza na Marekani kwa watu zaidi ya 1,000, ulionyesha kuwa kwa baadhi ya watu sukari ikisha kupanda hushuka chini ya kiwango cha kabla ya kula, kati ya saa ya 2 na ya 3, na watu hao husikia njaa mapema na kula zaidi. Huyo ndiye polisi wa barabarani aliyekunywa chai ya sukari nyingi na maandazi 3 asubuhi, na ambaye kabla ya adhuhuri anatafuta soda. Na soda 1 ya mililita 300 humrudishia sukari ya gramu 30 hivi, mbio zikaanza upya. Haraka haraka haina baraka, walisema wahenga, na tumbo nalo lina haraka yake.

Tatu, kazi ya usiku. Mwili wa binadamu huipokea sukari vizuri zaidi asubuhi kuliko usiku. Chakula kilekile kikiliwa usiku wa manane huacha sukari juu kwa muda mrefu zaidi. Basi mwenye zamu za usiku, ambaye aghalabu hula kile kipatikanacho upesi, ndiye anayehitaji zaidi kuchagua.

HESHIMA YA MAHARAGWE

Lipo jambo moja la aibu ambalo lafaa lisemwe wazi. Katika fikra za wengi wetu maharagwe ni chakula cha shida: chakula cha bweni, cha gereza na cha kambi. Mtu akipandishwa cheo, mezani pake huja mkate mweupe, wali mweupe na chipsi, na maharagwe hurudi nyuma kama mgeni asiyealikwa. Kwa kipimo cha damu, mpangilio huo umepinduliwa. Chakula tulichokipa hadhi ndicho kiendacho mbio, na tulichokidharau ndicho kitulindacho.

Maharagwe huenda polepole kwa sababu kuta za seli zake ni nene na hubaki nzima hata baada ya kuchemshwa muda mrefu, na kwa sababu yana amilosi nyingi, protini na nyuzinyuzi. Tena faida yake haiishii katika mlo mmoja. Mwaka 1982 Jenkins na wenzake walionyesha kuwa aliyekula dengu asubuhi alipokea vizuri zaidi hata chakula cha mchana, kana kwamba mlo wa kwanza uliuandalia njia mlo wa pili. Na Burundi ni miongoni mwa nchi ambazo watu wake hula maharagwe kwa wingi kuliko mahali pengi duniani. Dawa imo chunguni tangu zamani. Wazee waliochanganya mahindi mazima na maharagwe wakapata impengeri, ambayo ndugu zetu wa Tanzania huiita makande na wa Kenya githeri, walikuwa wamepata chakula cha polepole kabla ya maabara yoyote kukipa alama.

Kuhusu lile jambo ambalo askari hulifanyia mzaha mabwenini, yaani gesi ya tumboni, lina tiba nyepesi. Maharagwe yalowekwe usiku kucha, maji ya kulowekea yamwagwe, kisha yapikwe kwa maji mapya hadi yalainike kabisa. Kuloweka huokoa kuni na makaa pia. Na anayeyazoea kidogo kidogo, tumbo lake huyazoea.

YA KUFANYA KAMBINI NA NYUMBANI

Hatumwambii mtu aache ugali. Ugali wa muhogo umewalea wengi wetu, na askari afanyaye kazi ya nguvu anauhitaji wanga. Twashauri mambo yafuatayo tu.

Mpishi wa kambi na aongeze upawa wa maharagwe na kupunguza kidogo bonge la ugali au mlima wa wali. Punguzo dogo likirudiwa kila siku ni jambo kubwa. Kijiko cha kwanza kiwe cha maharagwe, ndagala au mboga za majani, ugali ufuate. Asubuhi, pale inapowezekana, viazi vitamu vya kuchemsha au maharagwe yaliyobaki, ikiwa yamehifadhiwa vizuri na kuchemshwa tena, vichukue nafasi ya maandazi. Chai ipunguziwe sukari kijiko kimoja kwa wiki, mpaka ulimi ukubali. Katika soko la Ruvumera pale Buyenzi, na katika masoko mengine ya mji, vyakula hivi vyote vinauzwa. Havihitaji kuagizwa kutoka ng'ambo.

Tena, baada ya kula, mtu na atembee dakika 10 au 15. Misuli inayofanya kazi huivuta sukari kutoka katika damu hata bila ya kungoja insulini nyingi. Askari wa miguu ana bahati katika hili. Aliyewekwa ofisini au garini ndiye anayepaswa kujilazimisha.

MIPAKA YA ELIMU HII

Yafaa tutahadharishe, ili elimu isije ikageuzwa ushirikina. Alama ya chakula si hukumu ya mwisho. Kiasi bado kina nguvu yake: chakula cha polepole kikiliwa kupita kiasi nacho hupandisha sukari na kunenepesha. Chakula kilichozama katika mafuta chaweza kwenda polepole na bado kikadhuru moyo. Watu nao hawafanani. Uchunguzi wa Israel wa mwaka 2015 uliopima watu 800 ulikuta kuwa chakula kimoja humpandisha huyu sana na yule kidogo.

Wanga wa haraka nao una siku yake. Baada ya matembezi marefu yenye mzigo, akiba ya misuli ikiwa imekwisha na safari ikiwa ya kuendelea, chakula cha haraka huijaza akiba hiyo upesi. Na mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au baadhi ya vidonge, akianza kutoka jasho jembamba, kutetemeka na kuchanganyikiwa, sukari yake imeshuka mno. Huyo na apewe mara moja sukari au soda yenye sukari ikiwa aweza kumeza. Si saa ya kumtafutia maharagwe. Akiwa amezimia asitiliwe kitu kinywani, bali akimbizwe hospitali. Kwa sababu hiyohiyo, mwenye kutumia dawa asibadili mlo wake kwa ghafla kabla ya kuonana na daktari wake.

Mwisho, kila mmoja na apimwe, hasa aliyepita miaka 40, aliyenenepa kiunoni, au mwenye mzazi aliyeugua. Asiyekula usiku kucha, sukari yake ikikutwa miligramu 126 kwa desilita au zaidi, yaani gramu 1.26 kwa lita, na kipimo kikarudiwa kikathibitisha, huyo ana kisukari. Kiu isiyokatika, kwenda haja ndogo mara kwa mara na kukonda bila ya sababu ni dalili; lakini wengi hawaoni dalili yoyote kwa miaka. Ugonjwa huo hula mishipa ya macho na ya miguu kimyakimya. Macho ndiyo shabaha ya askari, na miguu ndiyo mwendo wake. Aliyepoteza hisia miguuni huvaa buti lenye kokoto ndani, akatembea nalo kutwa nzima asijue, na jioni akavua soksi yenye damu. Jeraha la namna hiyo limewagharimu watu miguu yao.

Basi, ndugu askari na ndugu polisi, katika mlo wa leo jioni kabla ya zamu, anza na maharagwe, kula ugali wako kwa kiasi, kisha tembea kidogo kabla ya kuketi.